Binti yangu hasikii, tumeambiwa habari ya kupandikizwa kifaa. Aliyepitia huku kusini anisaidie

Mama wa Mitema (Lindi)

Habari zenu ndugu. Naandika usiku huu kwa sababu mchana sipati nafasi, na usingizi wenyewe umenikimbia tangu Jumatano.

Nina binti, mtoto wangu wa pili, ana mwaka mmoja na miezi minane. Alizaliwa kabla ya siku zake, tukalazwa wiki tatu. Alipata manjano akawekwa kwenye taa, na sindano alizochomwa siwezi kuzihesabu. Tukatoka salama, tukamshukuru Mungu. Sasa anatembea, mchangamfu, ukimwonyesha kitu mara moja kashika. Ila haongei. Hata "mama" hana. Nikiangusha sufuria amelala, haamki. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, adhana ya alfajiri inaamsha mtaa mzima, yeye hata kope haichezi. Nikawa najipa moyo kwamba ni mtoto wa usingizi mzito.

Nilisema kliniki alipokuwa na miezi kumi. Nikaambiwa mtoto njiti huchelewa, mpe muda. Nikasema tena alipotimiza mwaka na miezi minne, jibu likawa lile lile. Jumatano hiyo niliyoitaja nikampeleka kwa daktari wa masikio. Akampima kwa kimashine kinachochomekwa sikioni kinatoa mlio, masikio yote mawili hayakupita. Anasema twende Dar es Salaam akapimwe kile kipimo cha usingizini, na ikiwa ni kama anavyodhani, shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni cha kukuza sauti, huenda lisimtoshe. Itabidi apandikizwe kifaa ndani ya kichwa.

Hapo kwenye "ndani ya kichwa" ndipo nguvu ziliponiishia.

Mama mkwe amesema hakuna mjukuu wake atakayepasuliwa kichwa, tusubiri, kwao kuna mjomba alianza kusema ana miaka minne na leo ndiye mzungumzaji kuliko wote. Mume wangu ni mvuvi, mimi nashona nguo. Ana mikorosho arobaini na kitu aliyoachiwa na marehemu baba yake, na juzi nimemsikia akimuuliza mtu bei ya shamba. Hajaniambia mimi.

Naomba mtu wa huku kwetu ambaye mtoto wake amewekewa. Anasikia kweli, au ni mambo ya kwenye video tu? Nisubiri afike miaka mitatu awe na nguvu? Na maisha na hicho kifaa yanakuwaje, maana mtoto wa pwani anashinda mchangani na majini.

---

Baba Newala

Dada yangu, nimekusoma nikasukuma sahani pembeni. Hayo ya sufuria na adhana kwangu yalikuwa honda. Pikipiki ilikuwa inapita mita mbili kutoka alipokaa mwanangu, anaendelea kuchora chini na kijiti.

Kijana wangu ana miaka tisa sasa. Amewekewa sikio moja, la kulia, Muhimbili, Agosti 2018, akiwa na miaka miwili na miezi saba. Wakati ule huduma ilikuwa na mwaka mmoja tu hapa nchini, Muhimbili walianza 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India. Kwa hiyo nilipofika pale nami nilikuwa naogopa kama wewe, na sikuwa na mtu wa kusini wa kumuuliza. Nitakuandikia yote, hata yasiyopendeza.

Kwanza hiyo ya kichwa. Ubongo hauguswi. Wanachana nyuma ya sikio, wanatoboa njia ndogo kwenye ule mfupa mgumu ukijipapasa nyuma ya sikio lako utauhisi, wanafika ndani kwenye kitu kinaitwa koklea. Kimejikunja kama konokono, kidogo kama punje ya mbaazi. Humo ndani mtu anayesikia ana vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuupa mshipa habari. Kwa mwanangu vinyweleo vile havifanyi kazi. Shimesikio linakuza sauti, lakini ukuze vipi kama wa kupokea hayupo? Hiki kifaa kinaviruka. Kinapitisha uzi mwembamba wenye vituo vya umeme mdogo mpaka ndani ya konokono, unausisimua mshipa wenyewe. Chini ya ngozi kunabaki kipande bapa chenye sumaku. Nje anavaa kipande nyuma ya sikio chenye maiki na betri, kina waya unaokwenda kwenye kidude cha mviringo kinachojishika kichwani kwa sumaku. Usiku kile cha nje kinavuliwa, na hapo mtoto hasikii kabisa. Hilo lijue mapema. Kifaa hakimponyi, akikivua ni kiziwi kama alivyozaliwa.

Upasuaji kwetu ulichukua saa mbili na nusu hivi. Mimi na mama yake tulikuwa kwenye benchi, hatukusemeshana. Akatoka na bandeji kubwa kichwani kama kilemba, kesho yake anadai uji.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Shamba la mikorosho msiuze. Nakuomba.

Watu wanafikiri gharama ni ile siku ya upasuaji. Ni kubwa, inakwenda makumi ya mamilioni, na usiogope tarakimu kabla hujafika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na kuuliza serikali inachangia nini, bima inabeba nini, ninyi mnatakiwa kutoa nini. Mimi sikuuliza. Nilijua kipimo kimesema nini mwanangu akiwa na mwaka na nusu, tukajaribu shimesikio miezi minne kama inavyotakiwa, halikumletea kitu. Baada ya pale nikakaa miezi tisa nikingoja mnada wa korosho na kukopa kwa ndugu, kimya kimya, kwa aibu ya kuonekana sina. Nilipofika ustawi wa jamii mama mmoja pale akaniuliza, "Baba, ulikuwa wapi muda wote?" Sikuwa na jibu. Katika yote niliyofanya, miezi tisa ile ndiyo inayonirudia usiku.

Lakini gharama ya kweli inaanza mtoto akishawashiwa. Mwaka wa kwanza unakwenda Dar mara kwa mara wakaiweke programu sawa, kwa sababu hawawashi sauti yote siku moja, wanaipandisha kidogo kidogo. Hesabu nauli ya wawili, mahali pa kulala, chakula. Waya unakatika. Wetu umekatika mara tatu, mara moja tukangoja mpya siku nane uje kwa basi, siku nane mtoto yuko kwenye ukimya na shule inaendelea. Betri za kuchaji zinachoka. Kile kipande cha nje nacho hakidumu milele. Mei 2024 tulikuwa na miadi, kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika kule Somanga, tukageuza. Mikorosho ndiyo inayolipa haya, kila msimu kidogo. Mkiuza yote mkapata kifaa, mwaka wa pili waya ukikatika mtauza nini? Nimeona familia ambayo kifaa kiko kabatini. Upasuaji ulikwenda vizuri kabisa, waliishiwa nguvu ya kukihudumia. Mtoto yule ananiuma kama wangu.

Kuhusu video. Zile za mtoto kuwashiwa akacheka ni za kweli, ila sisi hatukupata hiyo. Walimwasha karibu mwezi mmoja baada ya upasuaji, kidonda kimepona. Akalia mpaka akatapika. Akaking'oa kile kidude akakitupa chini ya meza. Kwa wiki tatu ilikuwa ni kuvalisha na kung'oa, kuvalisha na kung'oa. Mama yake alipungua.

Halafu ikaja Oktoba, mabibo yameiva. Jiko letu lina bati na tawi la mkorosho limelala juu yake. Siku hiyo amekaa chini anakula ming'oko, mama yake anapepeta. Bibo likaanguka kwenye bati, paa! Mwanangu akainua uso. Akatazama juu. Mkono wenye chakula umesimama hapa, mdomo wazi, anatazama bati. Sisi hatukusogea. Likaanguka la pili, akanyoosha kidole. Mke wangu alimwaga mchele wote. Ule mkorosho watu wameniambia mara ngapi niukate tawi litatoboa paa, sijaukata.

Neno lilichelewa. Miezi saba baada ya kuwashwa mama yake alimuuliza, "Umeshiba?" akajibu "ado". Bado. Nilimpigia simu kila mtu ninayemfahamu.

Na kazi iliyoleta hiyo "ado" ni ya mama, sitajisifu. Alikuwa anamsemesha kutwa nzima. Anachambua mbaazi anamwambia mbaazi, anachota maji anamwambia maji, anamwambia kabla ya kumwonyesha, siyo baada. Mpaka leo kabla ya shule kijana anasimama mlangoni amempa mama yake mgongo, ana bakuli. Mama anasema aa, uu, ii, sh, s, m, kwa kuchanganya, na kila anayoisikia anatia korosho moja kwenye bakuli na kuirudia. Tulifundishwa hospitali. Ikipotea "s" au "sh" tunajua kuna kitu, betri au maiki imejaa vumbi. Mwezi wa sita na wa saba tunapopulizia mikorosho salfa ndipo maiki inaziba, kwa hiyo siku hizo nampeleka kwa bibi yake mjini.

Yuko darasa la tatu shule ya kawaida, anakaa mbele. Darasa likiwa na kelele anapotea, hilo halijaisha na sidhani litaisha. Ila juzi amenijibu kwa jeuri. Nikamgombeza, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye sebuleni. Mchukueni mwende naye Dar kwenye hicho kipimo. Mimi nilimchukua mama yangu mzazi, naye alikuwa na mjomba wake wa miaka minne, kila ukoo unaye. Wakamlaza mtoto, wakambandika vile viwaya kichwani, mama akakaa pale anaona sauti inavyopandishwa na mstari kwenye kioo unavyobaki umelala. Alipotoka nje akavua viatu akakaa chini. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikimwita bure." Toka siku ile ndiye aliyenisukuma.

---

Muuguzi wa Shangani

Mama, pole, na baba wa Newala asante sana, umeeleza vizuri kuliko tunavyoeleza sisi wodini. Niongeze ya upande wetu, maana mtoto wako na wake si sawa.

Si kila mtoto asiyesikia anafaa kuwekewa. Hicho kipimo cha usingizini, wengi wanakiita BERA, kinaonyesha sauti inapita kwenye mshipa au la. Kile cha kimashine alichopimwa Lindi kinagusa koklea tu, kwa hiyo peke yake hakimalizi habari. Kwa mtoto aliyepata manjano makali ni muhimu zaidi, kwa sababu manjano yakizidi yanaweza kuuumiza mshipa wenyewe. Halafu watapiga picha, CT au MRI, waone koklea imekaaje na mshipa upo. Kuna watoto wachache wanazaliwa bila mshipa huo. Kwa hao uzi utasisimua nini? Ndiyo maana usiahidiwe kifaa na mtu yeyote kabla ya vipimo, hata sisi.

Sindano ulizotaja, zipo dawa za kuokoa watoto wachanga, jentamaisini ni mojawapo, ambazo zinaweza kudhuru usikivu. Walimpa ili aishi, usijilaumu na usimlaumu aliyechoma. Lawama ninayo mimi kwa jambo jingine: mtoto njiti, aliyelazwa, mwenye manjano, huyu alitakiwa apimwe masikio kabla hata hujaulizia. Utaratibu unaofuatwa nchi nyingi ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane tatizo ni nini kabla ya miezi mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Wewe ulisema ukiwa na mtoto wa miezi kumi na ukarudishwa. Inaniuma kama mtu wa kada hii.

Kusubiri miaka mitatu awe na nguvu, hapana. Nguvu ya upasuaji anayo. Marekani wanaruhusu tangu miezi kumi na miwili mwaka 2000, na 2020 wakashusha hadi tisa kwa baadhi ya vifaa. Kinachokwisha kadiri unavyongoja ni uwezo wa ubongo kujifunza sauti. Kwa mtoto aliyezaliwa hasikii, mpaka kama miaka mitatu na nusu njia zile bado ni laini, baada ya hapo zinakuwa ngumu kidogo kidogo, na akipita saba bila kusikia chochote faida ya kuongea inakuwa ndogo sana. Ana mwaka na miezi minane. Muda mnao, ila si wa kulaza.

Kabla ya upasuaji hakikisheni chanjo ya nimonia amemaliza, angalia kadi yake. Ipo kwenye ratiba ya taifa tangu 2013. Mtoto mwenye kifaa hiki ana hatari ya ziada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo baadaye akipata homa na shingo kukakamaa, au sikio kutoa usaha, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na popote atakapopelekwa MRI maisha yake yote, mtaje kwanza kwamba ana sumaku kichwani.

Na mzazi mwingine anayesoma hapa: kama mtoto wako ameacha kusikia baada ya kuugua uti wa mgongo, wewe usisubiri hata msimu mmoja. Koklea inaweza kujaa mfupa ndani, uzi ukakosa pa kupita.

---

Kiziwi Mtwara

Dada, mimi ni kiziwi. Nina miaka thelathini na minne, fundi seremala. Niliugua nikiwa na miaka miwili, kifaa hicho hakikuwepo nchini. Nimesoma shule ya viziwi, mke wangu kiziwi, watoto wetu watatu wanasikia.

Sikuandikii kukuzuia. Kama nafasi ipo mpeni.

Nataka ujue kitu kimoja. Nilianza shule nina miaka tisa. Kabla ya hapo sikuwa na lugha. Unaelewa maana yake? Nilikuwa naona watu wanafungua midomo. Mama alinipenda sana, ananivuta mkono, ananionyesha, lakini sikujua kwamba mimi nina jina. Baba aliposafiri kwenda Kilwa sikujua amekwenda wapi wala kama atarudi. Kila akitoka nilikuwa nalia mpaka nalala. Siku ya kwanza shuleni mtoto mkubwa akanipa alama ya jina. Akagusa shavu langu mahali penye kovu. Nikaelewa kwamba ni mimi.

Binti yako sasa hivi hana lugha. Mtakwenda Dar, mtarudi, mtapanga fedha, mtajaribu shimesikio, atapona kidonda, atawashiwa, baba wa Newala kasema mpaka "ado" ni miezi saba. Jumlisha. Ni miaka miwili labda. Atakaa miaka miwili bila kitu? Anza alama leo. Maziwa, maji, njoo, baba, lala, uchungu. Muulize CHAVITA, chama chetu, wakuunganishe na kiziwi au mkalimani aliye karibu na Lindi akufundishe. Ukikosa, niandikie hapa nitakurekodia.

Watu watakuambia ukimpa alama atakuwa mvivu wa kusema. Watoto wangu walijua alama kabla ya kusema, na sasa kuwanyamazisha ndiyo kazi. Na huyo wako, kama baba alivyosema, usiku akivua kifaa ni kiziwi. Akiota ndoto mbaya utamwambia nini gizani? Washa taa umwonyeshe: mama yupo.

---

Baba Newala

Ndugu yangu wa Mtwara, umenigusa. Sisi tuliambiwa tusitumie alama kabisa, tukatii. Miaka miwili ya mwanzo usiku ilikuwa ni kulia tu, hatukujua tumfanye nini, na hatukufikiria hicho ulichosema. Tukikutana nitakuuliza mengi.

---

Mama wa Mitema (Lindi)

Ndugu zangu, sikuwa kimya kwa dharau. Nimesoma kila mmoja mara nyingi, nikamsomea mume wangu kwa sauti. Kwenye lile bibo aliinuka akatoka nje. Aliporudi akaniambia habari ya shamba mwenyewe, kwamba alishaulizia. Nikamwambia nilijua. Haliuzwi.

Barua ya rufaa tumeipata. Tunaondoka Jumapili ijayo kwa basi la alfajiri, na mama mkwe anakuja. Sikumwambia maneno mengi, nilimwambia nahitaji mtu wa kunishikia mtoto njiani. Amefua kanga zake mbili.

Kadi nimeangalia, chanjo zote za nimonia amechomwa, tarehe zipo. Ya surua na rubela pia, ya mwaka na nusu.

Alama nimeanza tano. Kaka wa Mtwara, "maji" ameishika siku ya tatu. Jana alikuja kwenye cherehani akanivuta gauni akaniambia maji. Kwa mkono. Nilikuwa na nguo ya mteja chini ya sindano nikaiacha pale pale. Hajawahi kuniambia kitu tangu azaliwe. Naomba uniandikie nyingine, hasa ya "ngoja" na ya "baba yuko baharini", maana mume wangu akienda dago, kambi ya wavuvi, anakaa siku kumi na mtoto anashinda mlangoni.

Swali la mwisho kwa baba, au mama yake kijana kama yupo karibu. Mwanangu bado nambeba mgongoni na kanga. Kichwa kinalala hapa kwenye bega. Hicho kidude cha sumaku si kitabanduka kila akijisogeza? Na majini?

---

Baba Newala

Yupo karibu, ananiamuru niandike hivi.

Kitabanduka, tena kila dakika. Dawa yake ni mbili. Kuna kamba fupi yenye kibanio, unabana kwenye nguo yake mgongoni, kikianguka kinaning'inia hakipotei. Sisi ya kwetu ilikatika mapema, akashona ya utepe na kibanio cha kuanikia nguo, kile kidogo. Ya pili, alikata soksi ya mtu mzima akatengeneza kofia nyembamba inayobana, yenye kitobo usawa wa maiki ili nguo isikwangue ikatoa kelele. Anasema wewe fundi wa nguo utatengeneza nzuri kuliko yake. Ukimbeba, mgeuze upande usio na kifaa ndio ulalie bega lako. Ukifunga kanga, funga chini kidogo ya ulivyozoea.

Majini kinavuliwa. Kipande cha nje, kile cha ndani hakina shida na maji kidonda kikishapona. Mnunue chombo cha kukaushia chenye vidonge vyake, kila usiku kifaa kinalala humo, pwani kuna unyevu na chumvi inakula vituo vya betri. Ukikosa mara moja moja, chupa yenye kifuniko cha kubana na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikiwa bado vikavu.

Na anasema mkifika Dar mbebee mtoto kitu cha kula cha nyumbani. Kwa kile kipimo wanataka alale, hivyo msimwache alale kwenye daladala mkienda. Wa kwetu alilala Mbagala, akaamka mlangoni pa chumba cha kipimo, tukapangiwa siku nyingine.